Mkaguzi wa Namba Tisa

Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa ukutani mwanzo wa ngazi, karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi, mzururaji ndani ya jengo hili ni mtu yeyote, bila kujali umri, atakayekutwa (a) mahali asipokuwa na shughuli, (b) bila sababu ya kueleweka, na (c) bila mavazi ya heshima. Mzururaji akikutwa mara ya kwanza ataonywa. Mara ya pili ataandikwa. Mara ya tatu, yeye na wote anaoishi nao watatakiwa kutafuta makazi kwingine ndani ya siku kumi na nne. Tangazo lilimalizia kwa kuwaondoa wapangaji wasiwasi kuhusu mlango wa paa, kule kwenye matangi ya maji: mlango huo umefungwa daima, na ufunguo anao Msimamizi peke yake. Chini palikuwa na sahihi, juu ya sahihi mhuri, na juu ya mhuri mhuri mwingine, kwa sababu wa kwanza haukukolea.

Lugha ilikuwa nzito, na uzito wake haukuwa wa bure, maana tangazo liliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kumi, meno kumi na manne, na makazi yake yalikuwa chumba namba tisa, ghorofa ya tatu, kwa mama yake fundi cherehani.

Baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, alimpa jina la Mkaguzi wiki ile ile alipoanza kutembea. Binti huyu hakutembea kama watoto wengine, wa kuanguka na kucheka. Alitembea mikono nyuma. Alikuwa anasimama mbele ya kitu, anakitazama, anakigonga kwa kidole, anauliza, "Hii?" halafu bila kusubiri jibu anakionja. Alishaionja pasi ikiwa imepoa, chaki ya kuchorea vitambaa, sabuni za aina tatu na kisigino cha mgeni. Jina likakolea kuliko ule mhuri. Mama yake akawa Mama Mkaguzi, baba yake Baba Mkaguzi, na jina aliloandikiwa hospitalini likabaki huko hospitalini.

Mwaka ule joto lilikuja mapema na likakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Ghorofa ya tatu ndiyo ya mwisho; juu yake ni paa la zege tu, na zege hilo lilipokea jua asubuhi na kulikabidhi chumba namba tisa mchana, bila kupunguza. Feni ilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kulizungusha joto lile lile ili kila mmoja apate. Kwa hiyo mlango ulishinda wazi, na cherehani ikasogezwa mpaka kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja karibu na korido. Mama Mkaguzi alishona huku jicho moja likiwa kwenye sindano na jingine kwa mwanawe. Mpango huo ungefaa kama macho yale yangekubaliana, lakini kola ya shati inahitaji macho yote mawili.

Ndiyo maana Baba Mkaguzi alitengeneza kigeti. Kilikuwa kigeti cha mbao, kimo cha kiuno, chenye bawaba za mlango wa friji la zamani na komeo upande wa nje. Kwa siku nne Mkaguzi alisimama nyuma yake ameshika mbao kwa mikono miwili, akitazama ngazi kama mfungwa wa siasa. Siku ya tano Msimamizi wa jengo alipita, akakipima kwa macho, akasema kinaziba njia ya dharura.

"Dharura gani, Bwana Msimamizi?" Mama Mkaguzi aliuliza.

"Dharura haitoi taarifa, Namba Tisa. Ingetoa taarifa isingekuwa dharura."

Msimamizi aliwaita watu wote kwa namba za vyumba vyao. Alisema ni njia ya kuepuka upendeleo. Akaling'oa lile komeo, akabeba kigeti kwapani, akamwachia mama mtu karatasi iliyosema: Kigeti, mbao, kimoja, kimehifadhiwa. Hakusema kimehifadhiwa wapi.

Siku tisa baadaye Mkaguzi alikutwa ofisini kwa Msimamizi, chini ya meza, uchi kama alivyozaliwa, amejigonga mhuri tumboni mara nne. Mhuri ulisema IMEPOKELEWA.

"Mimi sijampokea mtu," Msimamizi alisema, akimkabidhi kwa mikono iliyonyooshwa mbali, kama anayetoa takataka. Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Mara ya pili alikutwa ghorofa ya kwanza, mbele ya mlango wa kinyozi, amekaa ndani ya beseni la kufulia, amevaa kiatu kimoja cha kinyozi na si kitu kingine. Kinyozi mwenyewe alikuwa amelala na hakulalamika hata alipoamshwa alalamike. Msimamizi alilalamika kwa niaba yake, akaandika kwenye daftari, na kesho yake tangazo likawa ukutani.

Sasa neno mzururaji ni neno la polisi. Ni neno la watu wanaosimamishwa kando ya barabara na kuulizwa wanatoka wapi na wanaelekea wapi. Kwa haki, Mkaguzi angeulizwa hivyo asingekuwa na jibu la kuridhisha. Lakini Mama Mkaguzi alisoma tangazo lile mara ya kwanza akiwa amembeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi, na neno lilimwingia kama sindano inavyoingia chini ya ukucha: bila kelele, na mpaka mwisho. Ilipofika jioni jengo zima lilikuwa nalo. Hata Bibi wa Barafu, kikongwe wa chini anayeuza barafu mlangoni kwake na ambaye friji lake lilifufuliwa na Baba Mkaguzi mara sita, alimpungia mtoto mkono akamwambia, "Mzururaji wangu hajambo?" Alisema kwa mapenzi. Mama Mkaguzi hakununua barafu kwake siku mbili, na katika joto lile siku mbili ni adhabu, hasa kwa anayeitoa.

"Mwache yule baba," mumewe alimwambia wakila. "Ana maneno tu."

"Amenichukulia geti, halafu anamwandika mtoto kwa sababu hakuna geti."

"Ndivyo ofisi zinavyokuwa, mke wangu."

"Na mara ya tatu tunahama. Unajua chumba kingine tutakipata wapi chenye mwanga wa kushonea?"

Mumewe alimega tonge. Alikuwa ameshinda na kichwa ndani ya friji la watu na alikuwa ametulia kwa namna ambayo wenye kutulia hawajui inavyoudhi.

Mama Mkaguzi hakuwa mtu wa kugombana. Hakupandisha sauti, hakurusha vijembe ngazini. Kinyongo chake alikipanga kama alivyopanga nyuzi zake, kwa rangi na kwa unene, na alijua kila kimoja kiko wapi. Kwa wiki mbili, akikanyaga cherehani, alimfanyia Msimamizi mambo mengi kichwani. Alimfungia ofisini pamoja na Mkaguzi na ndoo ya rangi. Alimshusha ngazi zote kwa beseni la kinyozi. Jambo moja lililomsumbua ni kwamba, katika yote hayo, Msimamizi hakujua ni nani aliyemtenda, na kisasi ambacho aliyelipizwa hajui kimetoka wapi ni kama barua isiyo na sahihi.

Wakati akisubiri, alijilinda. Alishuka na tepu shingoni, akalisoma tangazo upya kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mshono, akaiona. Kati ya (b) na (c) palikuwa na neno "na". Si "au". Ili mtu awe mzururaji lazima atimize yote matatu. Mahali, asingeweza kumzuia Mkaguzi kuwepo. Sababu, Mkaguzi hakuwahi kuwa nayo. Ila mavazi yalikuwa kazi yake. Usiku haukuingia kabla hajamaliza ovaroli ndogo ya pamba, nyepesi, isiyo na mikono, yenye vifungo sita, vyote mgongoni, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mkaguzi alivaa akajaribu kuivua kwa muda wa nusu saa, akijizungusha kama kuku anayetafuta mkia, halafu akakaa chini akamtazama mama yake kwa heshima mpya.

Ndipo Msimamizi akajileta mwenyewe.

Alikuja asubuhi, amebeba kitambaa cha kijivu ndani ya gazeti. Mwenye jengo, ambaye aliishi mbali na alijulikana kwa barua tu, alikuwa anatuma mkaguzi Alhamisi, saa nane mchana: mkaguzi wa kweli, mwenye mkoba. Msimamizi alitaka suti. Koti alikuwa nalo. Suruali ndiyo ilikuwa imechoka.

"Ningempelekea fundi wa mjini," alisema, "ila nimeona nikuunge mkono, Namba Tisa."

"Asante, Bwana Msimamizi. Simama wima."

Alimpima. Kiuno kilikuwa kikubwa kuliko alivyokikadiria mwenyewe, na Mama Mkaguzi alikitaja kwa sauti, taratibu, mlango ukiwa wazi.

"Nyuma ibane kidogo," Msimamizi alisema. "Sitaki gunia."

"Nyuma ibane," alirudia, akaandika.

Mkaguzi alikuwa ameshafika miguuni, mikono nyuma. Aligonga kiatu cha Msimamizi kwa kidole. "Hii?"

"Mwondoe," Msimamizi alisema. "Na umwambie Alhamisi sitaki kumwona nje. Nikimkuta, ni mara ya tatu, mkaguzi awepo asiwepo. Nitaonyesha kwamba hapa sheria inafanya kazi."

Mama Mkaguzi alikuwa na pini tatu mdomoni, na hilo lilimwokoa na mengi.

Kila fundi anaijua bandi. Ni mishono mirefu ya mkono, ya muda tu, ya kushikiza vipande mteja aje ajaribu. Nguo ikishamkaa, cherehani inapita pale pale na uzi wa bandi unachomolewa. Kwa macho, suruali ya bandi iliyopigwa pasi vizuri ni suruali. Inasimama, inatembea, inaweza hata kupanda ngazi kwa adabu. Isichoweza ni kuinama.

Suruali ile Mama Mkaguzi aliishona vizuri kuliko nguo yoyote aliyoshona mwaka ule. Mifuko ilikaa kama imezaliwa pale. Mapindo ya miguuni yalikuwa sawa kwa sawa. Mshono mmoja tu, ule wa nyuma unaoanzia kiunoni na kushuka katikati, hakuupitisha kwenye cherehani. Aliushona kwa mkono, bandi, uzi wa kijivu unaofanana na kitambaa, akaupiga pasi mpaka ukalala kimya. Alikuwa anaimba. Mumewe aliingia akamsikia akiimba, akafurahi kwamba yamepita.

Alhamisi, saa saba na nusu, Msimamizi alikuja kuichukua, akaivaa ofisini kwake, akatoka getini akasimama. Alikuwa na haki ya kujiona. Mama Mkaguzi alimtazama kutoka juu, kwenye ukingo wa korido, akahesabu vitu ambavyo mtu lazima aviinamie mbele ya mkaguzi: mita ya maji, mfereji wa uani, kamba ya kiatu. Alitosheka na mita ya maji. Aliomba tu iwe mbele ya watu, na kwamba baadaye Msimamizi akija juu kulalamika, amwambie uso kwa uso: nilikushonea bandi, soma tangazo lako ujue kwa nini.

Alikaa ukingoni pengine dakika tatu. Kisasi kina ladha, na alikuwa anaionja kama mwanawe anavyoonja vitu. Aligeuka. Cherehani ilikuwepo, feni ilikuwa inazunguka, kikombe cha plastiki kilikuwa kimelala chali sakafuni. Mtoto hakuwepo.

Aliangalia chini ya kitanda, nyuma ya marobota ya vitambaa, ndani ya ndoo. Alishuka ghorofa ya kwanza mbio. Beseni la kinyozi lilikuwa tupu. Hakuita, kwa sababu kuita ni kumtangazia Msimamizi mara ya tatu. Alitafuta kimya, akifungua milango ya watu kwa kiganja. Hakuwaza kushuka chini, maana chini pale alikuwa Msimamizi mwenyewe. Hakuwaza juu, maana juu pamefungwa daima.

Aliyemwona ni Bibi wa Barafu. Alikuwa amevusha kigoda chake upande wa pili wa barabara kufuata kivuli, akainua macho kuangalia jua linataka nini tena, akaona mkono mdogo umetokeza pale juu, kwenye pengo la ukuta wa paa yanapopita mabomba. Pengo lenyewe lilikuwa na upana wa ndoo.

"Jamani," alisema kwa sauti yote aliyobakiza. "Mkaguzi yuko juu. Mkaguzi yuko juu ya paa."

Sentensi hiyo ilisikiwa na watu wawili, na kila mmoja aliisikia kivyake. Mama Mkaguzi, akiwa ngazini, aliisikia kama mama, akageuka kupanda. Msimamizi, akiwa getini, aliisikia kwa cheo. Mkaguzi yuko juu: amekuja kabla ya saa, amepita mlango wa nyuma, ameanza na paa. Na Msimamizi alijua kilichopo kwenye paa, na alikumbuka pia kwamba dakika arobaini zilizopita aliteremka kutoka huko kwa haraka ya suruali mpya na hakufunga mlango.

Alipanda akiwa anasema peke yake. Alimpita Mama Mkaguzi ghorofa ya pili bila kumwona. "Karibu sana, mheshimiwa," alikuwa anasema ukutani. "Nilikuwa nakusubiri kule chini, mheshimiwa."

Mama Mkaguzi alimfuata. Alipofika kwenye mlango wa paa mwanga ulimpiga usoni, akasimama sekunde moja bila kuona. Halafu aliona vitu vingi kwa mpigo. Kivulini mwa tangi la kwanza palikuwa na godoro, mto, redio ndogo, taulo na sabuni ndani ya kopo lake, makazi kamili ya mtu anayejua mahali pekee penye upepo katika jengo zima. Nyuma yake matangi mengine mawili yalisimama kwenye vyuma vifupi vya kimo cha paja. Na upande wa pili wa vyuma, kati ya tangi na lile pengo, alikaa Mkaguzi, amegeukia barabara, akiupitisha mkono hewani taratibu kuona kama hewa ya huko nayo ni ya kuonjwa.

Msimamizi alikuwa ameshamwona. Hakukuwa na njia ya kupita isipokuwa chini ya tangi. Alipiga magoti kwenye zege la moto, akainama, akaanza kutambaa.

Kraa.

Bandi iliachia kutoka juu mpaka chini, kama mlango wa duka unavyofunguliwa asubuhi. Mama Mkaguzi alikuwa ameisubiri sauti hiyo siku nne na picha hiyo wiki tatu, na sasa zilikuwa mbele yake, katika mwanga usioficha kitu, na hakuweza kuzifurahia kwa sababu ng'ambo ya Msimamizi alikuwepo mwanawe. Aliomba suruali ishike. Aliomba kweli, kwa midomo.

Msimamizi hakurudi nyuma. Hili lazima liandikwe kwa upande wake. Alijua kilichompata, mkono wake mmoja ulipapasa nyuma ukathibitisha, lakini alizidi kutambaa.

"Mkaguzi," alisema kwa sauti ambayo jengo halikuwahi kuisikia. "Mama. Njoo hapa, mama. Ona hii."

Mtoto aligeuka. "Hii?"

Msimamizi alikuwa amemnyooshea ufunguo, ule wa mlango wa paa, unaning'inia kwenye kamba nyekundu. Mkaguzi aliuangalia kwa makini. Akaondoa mkono pengoni, akaja kwa magoti, akaugonga kwa kidole. Msimamizi akamdaka kwapani, akamburuta chini ya tangi, akamweka mikononi mwa mama yake.

Mama Mkaguzi alimpapasa mtoto kichwa, mikono, miguu, akamrudia kichwa. Mtoto alikuwa na ufunguo mdomoni.

Huko chini sauti ya Bibi wa Barafu ilipanda tena, safari hii ya kawaida. "Msimamizi ametoka kidogo, baba. Kaa upoe. Ya moto au ya barafu?"

Mkaguzi wa kweli alikuwa amefika, na alikuwa anakunywa maji.

Msimamizi aligeuza mgongo ukutani. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. "Fundi," alisema, na Mama Mkaguzi akagundua kwamba hajawahi kuitwa hivyo na mtu huyu. "Fundi, nisaidie."

Fundi yeyote anatembea na sindano kwenye ukosi wa gauni lake, imeshavishwa uzi. Aliichomoa. Alimkalisha Mkaguzi kwenye godoro, na alipomkalisha ndipo alipoona godoro limelalia nini. Lilikuwa limelalia mbao. Mbao zilikuwa na bawaba za friji.

Aliitazama sindano, akaitazama kazi iliyokuwa inamsubiri.

"Geuka," alisema. "Shika tangi."

Akageuka. Akashika tangi. Mama Mkaguzi alianza juu, kiunoni.

"Uzi wako mbovu," Msimamizi alisema, kwa mazoea.

"Uzi mzuri. Nilikushonea bandi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Usitikisike, sindano haina macho."

"Mimi nimekutolea mtoto pale."

"Nimeona. Asante, Bwana Msimamizi. Na aliyeacha mlango wazi ni nani?" Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia. "Daftari la wazururaji uko nalo?"

"Mfukoni."

"Chana ukurasa wa mwanangu."

"Ni kumbukumbu ya ofisi, Namba..." Sindano iligusa. Haikuchoma, iligusa tu, ikakaa. Msimamizi alitoa daftari, akachana ukurasa. Mama Mkaguzi aliupokea, akampa Mkaguzi, ambaye alianza kuula.

"Na geti langu linashuka leo."

"Linashuka."

"Nani mzururaji?"

Msimamizi alilitazama tangi. Nyayo zilikuwa zimeanza kupanda ngazi, polepole, za mtu mwenye mkoba. "Hakuna mzururaji," alisema.

Mama Mkaguzi alikata uzi kwa meno. Hatua zilikuwa ghorofa ya pili.

"Umemaliza? Umeshona vizuri?"

"Muda wenyewe uko wapi? Ni bandi tena," alisema. "Itashika mpaka utakapoinama."

Mkaguzi wa kweli alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na macho ya mtu aliyekwisha kuona majengo. Alimsalimia mama, akamsalimia Msimamizi, ambaye alikuwa wima kama mlingoti. Akaangalia pengo la ukuta, akaandika. Alimwomba Msimamizi amwonyeshe valvu iliyo chini ya tangi. Msimamizi alimwonyesha kwa kidole, kutoka mbali. Mkaguzi alisubiri aisogelee. Hakuisogelea. Ikaandikwa.

"Hili godoro ni la nani?"

Msimamizi alimtazama Mama Mkaguzi, na jicho lile lilikuwa na ombi ndani yake. Mama Mkaguzi alifikiri. Alikuwa ameahidi kushona. Hakuwa ameahidi kunyamaza.

"Ni la Bwana Msimamizi," alisema. "Kuna upepo hapa mchana. Hilo la chini yake ni geti la mtoto, alikuwa ananihifadhia."

Mkaguzi alirudisha kalamu ya kwanza mfukoni akatoa ya pili.

Waliteremka wote pamoja, Msimamizi mbele, akishuka kila ngazi kwa mguu ulionyooka. Mama Mkaguzi alikuja nyuma, kigeti kwapani, mtoto kiunoni. Mwanzo wa ngazi mkaguzi alisimama mbele ya tangazo. Bibi wa Barafu alikuwa hapo na kigoda chake, na kinyozi alikuwa ameamka. Mkaguzi alisoma kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole: mahali asipokuwa na shughuli, bila sababu ya kueleweka, na bila mavazi ya heshima. Akaruka mihuri. Akasoma kuhusu mlango wa paa uliofungwa daima, na ufunguo alio nao Msimamizi peke yake.

Hapo ndipo mwenzake mdogo, kiunoni mwa mama yake, alipochoka na kitu alichokuwa anakionja, akakiachia. Kilianguka sakafuni katikati ya watu, kikalia, kikatulia na kamba yake nyekundu.

Wote waliutazama ufunguo. Msimamizi alikuwa mtu wa kazi yake miaka kumi na saba, na ufunguo wake haujawahi kulala chini. Aliinama akauokota.

Siku ile vifungo vya ovaroli vilihesabiwa na Mama Mkaguzi mwenyewe, alipokuwa anamvua mtoto ili amwogeshe. Vyote sita vilikuwa vimefungwa.